Matundu Kumi na Mawili ya Kilema

Nilitumwa Kilema kwa sababu mimi ndiye mtu pekee nyumbani kwetu asiyeweza kudanganya. Siyo kwamba mimi ni mwema sana. Nina aibu, na uongo unataka maneno mengi.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yangu, Fundi Shabani, amechoma matofali hapa Moshi tangu kabla sijazaliwa. Tanuru linakula magogo usiku na mchana, na moshi wake ulimwingia Baba kifuani mpaka ikawa akikohoa, majirani wanajua yuko chumba gani. Mwaka juzi daktari akamwambia achague, tanuru au mapafu. Akachagua mapafu. Akaanza kutengeneza matofali yasiyochomwa: udongo, saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono, unaanika kivulini, basi. Hakuna moto, hakuna mti unaokatwa. Mafundi wenzake wakampa jina la Fundi Tope.

Nyumba yake ya kwanza ya matofali hayo aliijenga Kilema, kwa mjane mmoja anaitwa Bibi Filomena. Sasa kuna mradi unataka kujenga chekechea huko huko Kilema kwa njia isiyoharibu mazingira, na wenye mradi wakasema kwanza wataipima nyumba ya Bibi Filomena. Ikifaulu, Baba atajenga chekechea. Ikianguka, Baba anarudi kwenye tanuru, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa anataka tope lake. Hilo la kurudi kwenye tanuru yeye hakulisema. Alikohoa tu.

Mkaguzi wa mradi, Injinia Rehema, alileta kipimajoto kwetu na kukichora mstari kwa rangi yake ya kucha, nyekundu. Masharti yalikuwa mafupi. Kining'inizwe chumbani kwa Bibi, kisomwe alfajiri, mchana na jioni, mpaka Jumamosi atakapokuja mwenyewe. Joto la alfajiri lisishuke chini ya mstari. Moto usiwashwe ndani ya nyumba. Na msomaji asiwe fundi aliyejenga.

"Mtu hajisahihishii mtihani wake," alisema Injinia.

Wote wakanitazama mimi, niliyekuwa likizo ya kidato cha tatu na sina kazi.

"Zuhura," Baba akaniuliza, "utaweza kukaa na watu usiowajua?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Vizuri," akasema. "Kajiandae."

Jumatano, saa mbili asubuhi. Niliondoka Moshi na kirikuu, kigari cha mizigo cha Anko Side, kaka yake Mama. Nyuma tulipakia tangi jeusi la kuvunia maji ya mvua, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kwenye fomu ya ukaguzi. Tangi lililazwa mdomo ukitazama mbele, na gari lilipokolea mwendo upepo ukaanza kuvuma ndani yake. Kuanzia Kiboriloni mpaka Himo lilitoa sauti kama mtu anayetaka kusema jambo halafu hapati nafasi. Nililielewa sana.

"Nakusikia, ndugu yangu," Anko Side alikuwa analijibu kila mara. Mimi hakunisemesha. Alisema tangi lina stori zaidi.

Himo tukaiacha barabara ya Holili, tukapinda kushoto kuelekea mlimani. Hapo ndipo niliposhangaa. Asubuhi ile nyumbani Mama alikuwa anajipepea na mfuniko wa ndoo, na mimi nilivaa blauzi nyepesi. Tulivyopanda, joto likawa linabaki nyuma. Migomba ikaanza, kisha migomba na kahawa, kisha migomba na kahawa na ukungu. Tulipovuka mfereji wa tatu nilikuwa nimekalia mikono yangu ili ipate moto.

"Anko, Baba alipokuja kujenga ilikuwa mwezi gani?" nikauliza. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza tangu Moshi.

"Januari mwaka jana. Jua linaunguza hata huku. Alifanya kazi kifua wazi."

Sikulitilia maanani. Ningelitilia maanani, ningewapunguzia watu kazi kubwa.

Saa tano na nusu, Kilema. Nyumba ya Bibi Filomena ni nzuri kweli. Kuta zina rangi ya udongo wa pale pale, zimenyooka, na juu, chini kidogo ya paa, kuna mapambo ya Baba: matundu kumi na mawili ya hewa, sita upande wa mlima na sita upande wa bonde, kila moja lina umbo la nyota. Baba huyapenda matundu hayo kuliko anavyotupenda sisi. Anasema nyumba bila hewa ni sufuria.

Bibi Filomena alitoka kutupokea. Alikuwa amevaa sweta, juu yake sweta, juu yake koti la marehemu mume wake, na kilemba.

"Shikamoo Bibi," nikasema, nadhani. Huwa sina hakika kama sauti imetoka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umekuja kuipima nyumba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyumba nzuri sana," akasema, akikaza mkanda wa koti. "Inapumua."

Ilikuwa inapumua kweli. Upepo wa mlimani uliingia kwenye nyota sita za upande wa mlima na kutokea kwenye nyota sita za upande wa bonde, na katikati ukapita shingoni kwangu. Nikaning'iniza kipimajoto ukutani. Anko Side akateremsha tangi, akaliaga, akaondoka.

Mchana nililetewa kuku. Bibi akaniambia nile bila wasiwasi, kuku alichinjwa na Mwislamu wa duka la chini ambaye yeye Bibi alimpelekea kwa miguu asubuhi. "Na mbege sikupi, ni pombe," akasema. "Nimekukorogea togwa." Nikataka kusema maneno mengi ya shukrani. Nikasema "ahsante" na kumwaga togwa kidogo.

Alhamisi, alfajiri. Niliamka nimevaa soksi mikononi. Nilikuwa nimelala chini ya mablanketi matatu na bado pua yangu ilikuwa kama imetoka kwenye friji la soda. Kipimajoto kilikuwa chini ya mstari wa rangi ya kucha, chini kabisa, upana wa vidole viwili. Nikaandika kwenye daftari. Kulikuwa na safu ya namba na safu ya Maelezo, ya kuandika chochote kinachoweza kubadili joto. Safu ya Maelezo niliiacha wazi. Nilitaka kulia lakini kulikuwa na baridi sana.

Asubuhi hiyo nilipoinama kutafuta kiatu nikaona mfuko wa kiroba chini ya kitanda cha Bibi. Ndani kulikuwa na mafundo kumi na mawili: soksi zilizojazwa majani makavu ya migomba, na kila moja imeshonwa kwa umbo la nyota.

Nikakaa nayo mapajani. Bibi akaingia na uji.

"Bibi, hizi ni nini?"

"Hizo?" Akaangalia dirishani. "Hizo ni mito."

"Ya nani?"

"Ya... watoto wachanga." Uji ukawa unatetemeka mkononi mwake, si kwa uzee, kwa baridi. Mwishowe akakaa. "Mjukuu wangu, usimwambie baba yako. Yule alifanya kazi kwa moyo. Kila tundu alilichonga na kisu, huku anaimba. Nitamwambiaje nyumba yake inanigandisha? Wewe ulipokuja nikayazibua, akisikia nimeyaziba ataona nimeidharau kazi yake."

"Sasa unaishije, Bibi?"

"Naziba. Akija mgeni nazibua."

Basi ndiyo hivyo. Fundi wa Moshi, anayekaa kwenye joto la Moshi, alipanda mlimani mwezi wa jua kali na kujenga nyumba ya kupunga upepo. Na mwenye nyumba, kwa heshima, aliziba na kuzibua mwaka mzima akisema inapumua. Nilimwambia kwamba kipimajoto kiko chini ya mstari, na Baba asipofaulu anarudi kwenye moshi. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua. Bibi akavaa kitambaa kingine juu ya kilemba, akatoka kwenda kwa Mama Deo.

Sikujua Mama Deo ni nani. Ni mwenyekiti wa jumuiya, ile ya kina mama wanaosali pamoja kwa zamu nyumbani kwa kila mtu.

Ijumaa, saa nane mchana. Nilisikia nyimbo zinapanda njia ya migombani. Kisha mlango ukajaa. Wanawake kumi na tisa waliingia chumbani na viti vyao, Mama Deo mbele, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuhutubia bonde zima.

"Jumuiya ya leo ilikuwa kwangu," akatangaza, "lakini tumeihamishia kwa Filomena. Nyumba ya mwenzetu haiwezi kuaibishwa na kioo kidogo kama hicho. Zibeni matundu. Kaeni mbanane. Wanene wakae karibu na kipimo."

Soksi kumi na mbili zikapanda ukutani. Wanene wakabishana kidogo kuhusu nani mnene, kisha wakakaa.

"Moto umekatazwa," Bibi akawakumbusha.

"Moto umekatazwa, mtori haujakatazwa," akasema Mama Deo, na sufuria kubwa la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, likaletwa kutoka jiko la nje, likawekwa katikati likitoa mvuke.

Mama mmoja akasema zamani, wakati wa nyumba za nyasi, ng'ombe walilala ndani na hakuna mtu aliyekuwa anajua blanketi. Mama Deo akafikiria hilo kwa uzito. Wakakubaliana kwamba ng'ombe atateleza kwenye sakafu. Wakaleta ndama.

Hapo nikajua lazima niseme. Nilikuwa nimetumwa kupima nyumba, siyo kupima jumuiya. Nikasimama. Wanawake kumi na tisa wakanyamaza wote mara moja, na ndama naye akageuza shingo.

"Ehe, mwanangu," Mama Deo akasema kwa upole. "Sema."

Nikafungua mdomo.

"Asanteni kwa kuja," nikasema, nikakaa.

"Mtoto ana adabu huyu," wakasema.

Waliimba, walisali, walikula mtori, waliongea habari za watu ambao hawakuwepo. Mimi nilipewa ndama nimshike. Saa kumi na mbili jioni walipoondoka, kipimajoto kilikuwa kimepita mstari mpaka sikujua niandike vipi, na kuta ukizigusa zilikuwa na uvuguvugu kama shingo ya yule ndama.

Jumamosi, alfajiri. Kabla sijafungua macho nilijua. Pua yangu ilikuwa ya kawaida. Kipimajoto kilikuwa juu ya mstari, upana wa kidole kizima.

"Andika namba, mjukuu," Bibi akasema kutoka kitandani. "Namba tu. Mengine hayawahusu."

Nikaandika namba. Halafu nikaitazama ile safu ya Maelezo, penye Ijumaa jioni. Ningeiacha wazi, Baba angejenga chekechea, asingekohoa tena, na mimi nisingesema uongo hata mmoja, ningenyamaza tu. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Lakini nikawaza watoto wa chekechea wamekaa chini ya nyota za Baba, wamevaa soksi mikononi, wanamwambia mwalimu kwamba darasa linapumua.

Nikaandika, kwa herufi ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Saa tatu Injinia Rehema akafika na gari la mradi, na Baba amekaa nyuma amevaa shati la Idi. Injinia alikuwa na viatu vya wazi na alikuwa anatetemeka kabla hajashuka. Akachukua daftari, akasoma namba ya alfajiri ile, akatabasamu. Kisha akavaa miwani. Nilitamani mfereji unichukue unipeleke Himo.

"'Ijumaa, jioni,'" akasoma kwa sauti. "'Maelezo. Wanawake kumi na tisa. Mtori sufuria moja, la moto. Ndama mmoja. Matundu yote yamezibwa kwa soksi za Bibi, ambazo huwa anazitoa akija mgeni. Bila hayo nyumba ni baridi. Samahani Baba.'"

Nje ndama alilia, kama anathibitisha.

Baba akamgeukia Bibi Filomena. "Bibi, nyumba ni ya baridi?"

"Si baridi, fundi. Ina hewa."

"Bibi."

"Ina hewa nyingi."

Baba akavua kofia. Akatoa soksi mbili, moja upande wa mlima na moja upande wa bonde, akaenda kusimama katikati ya chumba, akatega shingo palepale penye upepo. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilidhani atakohoa. Hakukohoa.

"Nimejenga feni," akasema.

Injinia alikuwa bado anasoma. Akaniuliza wale kina mama waliondoka saa ngapi. Sauti haikutoka, nikaonyesha kwenye daftari: saa kumi na mbili jioni. Akaenda kugusa ukuta, akagusa mwingine.

"Waliondoka jioni, na alfajiri joto bado lipo," akasema. "Ukuta umelitunza mpaka asubuhi. Fundi, tope lako halina kosa. Kosa ni nyota." Akakunja daftari. "Siwezi kuipitisha kwa ndama. Weka vifuniko vya kufungwa na kufunguliwa. Huyu abaki, apime tena mpaka Jumatatu. Bila jumuiya."

Mama Deo, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akasema jumuiya imesikia lakini haijafurahi.

Baba alishinda siku nzima akichonga vifuniko kumi na viwili vya mbao, hata mara moja hakuimba. Jioni akashuka Moshi na gari la mradi.

Jumatatu, alfajiri. Jumapili joto lilikuwa limeshika mstari kidogo tu, nikaogopa kufurahi. Jumatatu nikalala nimefumba macho nikimsikiliza Bibi akivaa. Alivaa sweta moja. Moja tu. Nikasimama, nikasoma. Juu ya mstari, kwa unene wa kucha yenyewe. Kwenye Maelezo nikaandika: "Bibi 1, mimi 1. Ndama alikuja akafukuzwa." Nikampigia Injinia simu, nikasoma namba na maelezo, na yeye akasema, "Mwambie baba yako aje nimpe ramani ya chekechea." Nikasema ahsante kwa sauti ambayo Bibi aliisikia kutoka jikoni.

Saa nne Baba akaja na kirikuu kunichukua. Kumbe Anko Side alikuwa amemwambia kwamba huku ukitaka kuomba radhi unapeleka sale, lile jani refu la kijani, na aliyepewa sale hawezi kukataa kusamehe. Hakumwambia ni jani moja. Baba aliingia uani amekumbatia mzigo mzima, na mizizi, na udongo, haonekani uso.

Bibi Filomena akashika kifua. "Fundi, kwani umeua mtu?"

"Nimekugandisha mwaka mzima," akasema Baba kutoka ndani ya majani.

Kabla Bibi hajajibu, tukasikia mtu anakuja mbio na fimbo. Alikuwa Mzee Aloisi, jirani wa upande wa pili.

"Nani ameng'oa mpaka wangu?"

Maana huku sale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya nyumbani. Baba, akipanda njia, aliziona zimejipanga vizuri, akashukuru Mungu na kung'oa mstari mzima.

"Mpaka huu ulipandwa na babu yangu," akasema Mzee Aloisi. "Sasa mimi na Filomena hatujui nani anaishi wapi."

Baba akachomoa sale moja kwenye mzigo, akampa kwa mikono miwili.

Mzee Aloisi akaitazama. "Unaniomba radhi kwa sale yangu mwenyewe?"

"Umepewa, Aloisi," Bibi akamwambia. "Huwezi kukataa."

Hakuweza. Tukaupanda mpaka upya sisi wanne, Baba akitumia kamba na pima-maji, mpaka ukawa ndio mpaka ulionyooka kuliko yote Kilema. Mzee Aloisi aliusindikiza kwa jicho moja, akagundua amepata mgomba mmoja zaidi, akasema fundi huyu ni mtu mzuri.

Saa nane tukaanza kushuka. Baba aliweka mapajani jani moja la sale lililobaki. Joto la Himo likatupiga usoni.

"Ungeweza kuniambia Alhamisi," akasema.

"Nisingeweza, Baba. Niliweza kuandika."

Akafikiri. "Basi kwenye chekechea utakuwa unaniandikia. Kabla sijachonga kitu, unawauliza watakaokaa humo, unaandika."

Nimejifunza hilo: nyumba ipimwe kwa yule anayelala ndani, na akikwambia inapumua, umtazame amevaa masweta mangapi.

Saa kumi, nyumbani, Moshi. Mama alikuwa chumbani anajipepea na mfuniko wa ndoo, jasho linamtiririka. Nyumba yetu Baba aliijenga mwenyewe, zamani, kwa matofali ya kuchoma. Nilitazama juu ukutani, kisha nikamtazama Baba, naye alikuwa anatazama juu vile vile. Hakuna tundu hata moja.

Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaning'iniza kipimajoto. Baba akamsogelea Mama, akampa lile jani kwa mikono miwili.

Mama akaacha kujipepea. Amezaliwa Moshi, anajua sale ni nini. Akaligeuza huku, akaligeuza huku.

"Moja tu?" akasema.